Deni la Emérite na Mguu wa Baba Yake

Emérite alijua kumsimamisha mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kusimama. Kwa miaka mitatu aliifanya kazi hiyo ya fiziotherapia katika hospitali ya serikali mjini Johannesburg, akiwashika wagonjwa wa kiharusi kiunoni wajifunze kutembea upya, na kila mwaka aliotumikia ulimpunguzia mkopo wa masomo. Hakusomeshwa na serikali, maana wazazi wake ni wakimbizi wa Burundi. Alisomeshwa na mfuko wa makanisa ya Warundi na Wakongo. Sharti lilikuwa kwamba atumikie hospitali za umma miaka mitano, deni lote lisamehewe. Akiacha kabla, alipe. Akishindwa, mdhamini ndiye alipe. Mdhamini alikuwa baba yake, Léonce, mlinzi wa maduka katika mtaa wa Doornfontein, mjini humo.

Hospitali ilipotangaza kuwa haina fungu la kuendeleza mikataba, Emérite akarudi nyumbani. Wiki chache baadaye Léonce akaanguka lindoni. Kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto vikalala.

Mwanzoni Emérite aliona afadhali hana kazi. Katika chumba chao cha Troyeville alisogeza kitanda ukutani, akamfundisha baba yake kuketi, kisha kusimama, kisha kuuburuta mguu mpaka dirishani. Mama yake, Yolande, akirudi kutoka kuuza mboga, kabla hajatua mzigo aliuliza, "Leo amefika wapi?"

Ndipo Mama Denise, mfanyakazi wa ule mfuko wa makanisa, alipopiga simu. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpole sana, na upole huo ndio uliomchosha Emérite. Hakupata pa kuukasirikia.

"Kuna kliniki ya wanamichezo Turffontein imenipa kazi," Emérite alimwambia. "Nitakuwa karibu na baba."

"Hiyo ni ya binafsi, mwanangu. Haihesabiki."

"Basi nisimamishieni mkopo mwaka mmoja tu. Mdhamini mwenyewe hawezi hata kufunga kifungo cha shati."

"Wanasimamisha akiugua mkopaji, si mdhamini. Eish, nimewabembeleza. Hospitali ya umma yenye nafasi ni moja, kule Northern Cape, karibu na Namibia. Ukiikataa, watamdai baba yako."

Emérite alikaa na maneno hayo bila kumwambia mtu. Akibaki, deni litamwangukia mzee asiye na mshahara. Akiondoka, mguu utabaki bila wa kuushughulikia. Kila alipomshika baba yake kiunoni, alihisi ameshikwa yeye.

Léonce hakuhitaji kuambiwa.

"Wamekuita wapi?" aliuliza.

"Mbali."

"Nenda."

"Baba, miezi hii ndiyo mguu unajifunza. Ikipita hairudi."

"Najua, umenieleza." Maneno yalimtoka polepole, upande mmoja wa mdomo. "Lakini nikidaiwa mimi, utafanya kazi Turffontein unilipie mpaka uzeeke. Nenda."

Emérite alimfundisha mama yake mazoezi, akaenda. Kule mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mchunga kondoo aliyepooza upande uleule wa kushoto. Siku mzee huyo alipotembea mwenyewe hadi mlangoni, binti yake alimkumbatia Emérite akilia kwa furaha. Emérite alimpongeza, kisha akaingia chumba cha mashuka akajifungia humo mpaka alipoweza kutoka.

Nyumbani Yolande alikuwa akirudi amechoka, na mazoezi yakawa ya siku moja moja. Kwenye simu ya video Léonce alionyesha uso tu, akisema yuko sharp, hana shida.

Krismasi Emérite alikuja likizo, akakuta kisigino cha baba yake hakigusi sakafu na vidole vya mkono vimejikunja ngumi. Aliketi chini, akaanza kuvikunjua kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu.

"Usilie," Léonce alisema. "Imebaki miaka mingapi?"

"Mwaka mmoja na kidogo."

"Basi."

Aliendelea kuvikunjua, na kila alipoviachia vilijikunja tena. Januari alipanda basi la kurudi kazini.