Rimoti Mbili Nzima

Mama alianza kupooza mkono wa kulia kidogo kidogo, kwa muda wa wiki tatu, na wiki hizo zote mimi nilikuwa nikihangaika na rimoti. Hili nalisema mapema nisije nikajificha huko mbele. Alikufa. Mtu akiniambia, pole, ulimtunza mamako vizuri, huwa natamani kumwambia anyamaze.

Alikuwa akikaa Kajiado, nje kidogo ya mji, katika nyumba ambayo baba alijenga alipostaafu ualimu. Baba alikuwa mtu wa mkoa wa magharibi, mama Mmaasai wa hapohapo, kwa hivyo sisi tulikua tukisema Kiswahili, na Kimaasai chake kikaingia kwa salamu na kwa kukemewa. Mimi naishi Kitengela. Niko na gari. Kutoka kwangu hadi kwake ni kama saa moja, na hiyo saa moja ndiyo nilikuwa nasema sina. Kazi ya stoo, mwisho wa mwezi, sijui nini, sijui nini.

Siku ya kwanza alinipigia akasema rimoti ya TV imekufa. TV baba aliifunga juu ukutani, vitufe vyake viko nyuma, na sasa ilikuwa imekwama kwa stesheni ya vijana, muziki kutwa. Yeye alichotaka ni taarifa ya habari ya saa moja tu.

"Umebadilisha betri, yeyo?" Hivyo ndivyo tulivyomwita, kama Wamaasai wote wanavyoita mama zao.

"Nimeweka mpya. Nabonyeza, nabonyeza, hakuna kitu."

"Basi nitumie kwa gari za steji. Nitaiangalia huku."

"Kwani huwezi kuja?"

"Wiki hii nimebanwa."

"Haya," akasema. "Si ni rimoti tu."

Jirani yake, mama wa kanisa lake aliyekuwa akimletea maziwa asubuhi, ndiye aliyeipeleka steji. Jioni nikaichukua Kitengela, imefungwa kwa gazeti na selotepu.

Sasa, mimi ni mtu wa kujua mambo, hiyo wenzangu kazini watakwambia. Nilijua kwamba mbele ya rimoti kuna taa ndogo kama punje ya mtama, ambayo ukibonyeza huwaka lakini macho hayaioni. Na nilijua kwamba ukiiangalia kupitia kamera ya simu, utaiona. Nilikuwa nimewafundisha watu wengi hiyo, kwa maringo. Simu yangu ya zamani ilikuwa ikiionyesha vizuri. Basi nikatoa hii mpya, ya bei, nikaelekeza kamera kwa rimoti, nikabonyeza vitufe vyote. Giza. Nikasema kweli imekufa, nikaitupa kwa mkoba. Kesho yake nikanunua nyingine, nikaituma hivyo hivyo ikiwa kwa karatasi yake.

Baada ya siku mbili mama akapiga.

"Na hii pia imekufa."

"Yeyo, hiyo ni mpya!"

"Mpya imekufa, basi."

"Unaelekeza kwa TV lakini?"

"Unafikiri naelekeza kwa mbuzi?"

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeudhika. Nikamwambia airudishe. Zikapita wiki mbili kabla haijafika, maana jirani alikuwa amesafiri, na mimi sikuuliza. Ilipofika niliipima kwa kamera ile ile. Giza tena. Nikapandwa na hasira nikaona nimeuziwa takataka. Jumamosi asubuhi nikaenda dukani.

Duka lenyewe ni dirisha, liko nyuma ya soko, rimoti zimening'inizwa hadi juu. Mwenye duka ni mwanamke wa rika langu. Sikumsalimia.

"Umeniuzia kitu kibovu. Mamangu, mtu mzima, amekaa bila habari siku zote hizi kwa sababu yako!"

Hakukasirika, na hiyo ikaniudhi zaidi. "Umejuaje ni mbovu, madam?"

"Nimepima na kamera."

"Kamera gani?"

"Ya simu! Ama unadhani natembea na ya kupiga harusi?"

Mwanamume aliyekuwa akinunua chaja akacheka. Mwenye duka akanyoosha mkono, akachukua simu yangu, akaigeuza kwa kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha. Akaielekezea rimoti akabonyeza. Kwenye kioo cha simu yangu mwenyewe nukta ya zambarau ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

"Hii taa ni ya infraredi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesema hayo mara nyingi. "Imepita nyekundu kidogo tu, lakini jicho la mtu limeishia hapo. Kamera inaipata. Shida ni kwamba inaharibu rangi za picha, kwa hivyo wanaotengeneza simu wanaweka kichujio cha kuizuia. Kamera yako ya nyuma ni nzuri, imezibwa kabisa. Ya mbele hawajali sana. Ile simu yako ya zamani ilikuwa ya bei ya chini, si ndio?"

Ndio, nikasema.

"Basi hiyo ilikuwa inaona kuliko hii."

"Na hiyo zambarau?" akauliza mtu wa chaja.

"Si rangi yake. Haina rangi. Kamera inabahatisha." Akanirudishia simu. "Watu wanachanganya sana. Wengine wanakuja hapa wakiuliza kama kamera inaweza kuona homa ya mtoto. Haiwezi. Joto la mwili ni infraredi ya mbali mno, simu haifiki huko. Ile ya kwanza uko nayo?"

Ilikuwa bado kwa mkoba. Nayo ikawaka.

"Zote nzima, madam," akasema. "Nani anazibonyeza?"

Nilikumbuka mama aliniambia kwa simu kwamba vikombe vinamponyoka siku hizi, nami nikamwambia anunue vya plastiki. Nilikumbuka pia kwamba alikuwa amekawia kupokea simu yangu mara mbili tatu, nikamgombeza. Sikumwomba yule mwanamke msamaha. Niliingia kwa gari, nikapita Isinya sijui hata kwa mwendo gani.

Mama alikuwa mlangoni. Nikainamisha kichwa anisalimie kwa kunigusa utosini, kama desturi ya Wamaasai, akaniwekea mkono wa kushoto. Huyu ni mwanamke aliyetuchapa tukiwa wadogo kwa kupokea kitu na kushoto. Jirani wa maziwa alikuwa ndani, ameketi.

"Umeileta?" mama akauliza.

Nikampa rimoti. Akaipokea kwa kushoto, akaipanga kwenye kiganja cha kulia, akaielekeza juu ukutani. Kidole gumba kilikaa sawasawa juu ya kitufe. Kikalala hapo. Hakikubonyeza.

"Unaona?" akasema, macho kwa TV. "Nabonyeza na haisikii."

"Bonyeza tena, yeyo."

"Nimebonyeza!"

Nikaenda nikachuchumaa kando yake, nikaweka kidole changu juu ya chake, nikakisukuma. Stesheni ikabadilika. Mama akatazama TV, halafu akatazama mkono wake muda mrefu, kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Haki ya Mungu, sijawahi kusikia maneno mabaya kuliko hayo. Nililia palepale, yeye akaniambia nisimtishe jirani. Jirani naye akawa anasema ameona maziwa yakimwagika lakini alidhani ni uzee. Kisha akatoa simu yake, akasema amesikia kamera inaonyesha mahali damu imesimama, tuiweke juu ya mkono tuone.

"Simu haioni joto!" nikamfokea. "Haioni damu, haioni kitu!"

Maskini, alishtuka akairudisha simu kwa blausi. Lakini ukweli ni kwamba kama ingekuwa inaona, ningeiweka juu ya huo mkono, na juu ya kichwa chake, na nisingeiondoa. Mimi niliyejua ndiye niliyetaka zaidi.

Hospitalini tulipokewa haraka. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, akimwita mama "shosho", yaani bibi, mama akamwambia shosho ni wa Wakikuyu, wakacheka. Akamwambia ainue mikono yote miwili afunge macho. Wa kulia ukashuka wenyewe. Akamwambia atabasamu, nikaona upande mmoja wa mdomo umebaki nyuma. Huo mdomo nilikuwa nikizungumza nao kwa simu wiki tatu.

Daktari akavuta kiti, akashika kalamu. Alisema kuna swali moja ambalo anataka tulifikirie vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu matibabu yanategemea muda, na yanayomfaa aliyeanza kuugua jana yanaweza kumdhuru aliyeanza zamani. Mkono ulianza kulegea lini?

Nilikuwa najua. Niliijua siku yenyewe, hata saa. Nikavuta pumzi ili niseme.

"Jana," mama akasema.

Nikamgeukia. Hakuniangalia.

"Jana jioni, daktari. Nikampigia huyu, na leo asubuhi alikuwa amefika. Huyu mtoto wangu hakawii. Nikimwita anakuja."

Alisema kwa sauti ya kujivunia, kama vile alivyokuwa akisema kanisani nilipofaulu mtihani. Daktari akaandika. Halafu akainua uso akanitazama mimi, kalamu ikiwa bado kwenye karatasi.

"Ni kweli? Jana?"

Mama alikuwa ameshika sketi yangu kwa vidole vya kushoto, chini ya meza, ambapo daktari hangeweza kuona, na alikuwa anaivuta.

Nikasema ndiyo.