Niliwapeleka Mbwa wa Jirani Yangu Kusiko na Maji

Bwana Mhariri, nanyi mnaosoma, kosa ni langu. Msinitafutie sababu. Jina silitaji, maana Chiwata ni ndogo na aibu niliyo nayo inanitosha.

Jirani yangu ni mjane, Mama Adelina, dada yangu kwa umri. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji, akamwachia mbwa. Wakazaana. Watu nao, loo! Kila aliyechoshwa na kitoto cha mbwa alikuja kukitupa uani kwake kimyakimya. Hakumfukuza hata mmoja. Ugali wake aliwagawia, yeye akalala na njaa. Mbavu za mbwa wale ungezihesabu ukiwa barabarani, usiku walibweka nisilale, na harufu yao ndiyo iliyoniamsha asubuhi.

Nikamsema. Sana! Kisimani, sokoni, hata nje ya kanisa. Yeye hakunijibu kwa mdomo. Dume moja la rangi ya majivu akaliita Watasema, na kila jioni analiita kwa sauti, uso kaugeuzia kwangu: "Watasema! Njoo ule!" Mnajua wenyewe mbwa huku kwetu hupewa majina ya kumpiga jirani vijembe. Nilikereka, acheni tu!

Kisha jumbe akatangaza kwamba askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, watapita na bunduki kwa sababu ya kichaa cha mbwa, na mbwa wanaozurura watapigwa. Mama Adelina akaja kwangu analia. Kwangu mimi, niliyemsema kila mahali!

"Mdogo wangu, wewe unakwenda Newala na biashara yako ya samaki wakavu. Nitafutie watu wa kuwachukua."

Nilifurahi, sifichi. Kule juu mlimani nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mihogo, kila mtu alitaka mbwa wa kulinda shamba. Mama Adelina akaniomba jambo moja tu.

"Wape watu wenye maji karibu. Hawa wamezoea kunywa."

"Dada, maji yapo tele," nikamwambia. "Nimeyaona kwa macho yangu."

Niliyaona, ndiyo. Masika! Mitungi yote ilikuwa chini ya mapaa ya nyasi inakinga mvua. Lakini Newala kiangazi nimepanda mara ngapi? Nawajua wanawake wa kule, wanateremka bondeni alfajiri, wanarudi jua limekwisha kuwaka, mtungi mmoja kichwani. Nilijua! Nilitaka tu kulala bila kusikia mbwa.

Nikawapakia kwenye lori la Mhindi pamoja na samaki niliowanunua Masasi. Watasema nilimpa rafiki yangu Mama Zuhura, wengine wakaenda kwa majirani zake. Niliporudi nikamwambia Mama Adelina kwamba wote wanakaa karibu na visima. Akanipa jogoo wa shukrani. Nikamla!

Kiangazi kikaingia, nikapanda tena na samaki wangu. Mama Zuhura hakunipa hata kigoda cha kukalia.

"Shoga, umeniletea mbwa au adhabu? Kaingiza mdomo kwenye mtungi! Sisi Waislamu chombo kilicholambwa na mbwa tunakiosha mara saba. Maji ya kuoshea unayo wewe?"

"Yuko wapi?"

"Baba Zuhura kamfukuza. Wenzake nao walitufuata bondeni, wakajitosa kwenye chemchemi tunakoteka. Wanawake wakawapiga mawe mpaka wakafa. Ulitaka sisi tunywe nini?"

Nilirudi Chiwata kichwa kinaniuma. Mama Adelina akaniuliza, "Hawajambo wanangu?" Nami nikamjibu, "Wamenenepa." Mungu wangu, mdomo huu!

Haukupita muda Watasema akatokea. Peke yake, kwa miguu, kutoka Newala! Akaenda moja kwa moja kwenye karai la maji ambalo Mama Adelina hakuwahi kuliondoa mlangoni. Akanywa, akanywa, akajilaza palepale. Hakuamka tena.

Mama Adelina hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alikuja kusimama mlangoni kwangu, mikono bado ina udongo wa kumzika, akauliza, "Na wengine?"

Nikamweleza yote. Akageuka, akaenda zake.

Ndugu zangu, ukichukua mnyama wa mtu ukampeleka kwa mwingine, uliza kwanza atakunywa nini kiangazi, na usiulize wakati mvua inanyesha. Na kama unachotaka ni kulala tu, sema unataka kulala. Usijifanye unaokoa!

Mimi sasa nalala bila kelele, na usingizi wenyewe hauji. Nikimwamkia shikamoo, haitikii. Juzi mtu kamtupia kitoto kingine cha mbwa uani, naye amekwisha kukipa jina. Jioni nikiwa jikoni namsikia anakiita, wala hageuki tena kutazama upande wangu:

"Nilimwamini! Njoo unywe maji."