Sauti ya Madam Ursula

Swabaha alikuwa fundi cherehani wa Kaloleni, mitaa ya karibu na uwanja wa mpira, na wengi walimwita kwa jina la mwanawe: Mama Luqman. Alishona sare za shule, magauni ya sherehe na mapazia, kazi yoyote iliyoingia mlangoni. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara. Ndani yake mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, benchi la wateja, na televisheni iliyokaa juu ya kabati la vitambaa. Asubuhi yote televisheni ililala. Saa nane mchana iliamka.

Saa nane ndiyo ilikuwa saa ya "Bustani ya Doroteya". Ilikuwa tamthilia ya nchi za mbali, nchi ambako wanawake hulala na hereni masikioni na kuamka na wanja haujafutika, lakini wote walisema Kiswahili kwa sababu walikuwa wameingiziwa sauti za Kitanzania. Doroteya alikuwa binti wa mtunza bustani. Aliolewa na Rolando, mtoto wa tajiri, na tangu siku ya ndoa mama mkwe wake, Madam Ursula, aliapa kumtoa katika nyumba ile. Kwa miaka mitatu Swabaha alimtazama Ursula akifanya kila hila ambayo akili ya binadamu inaweza kuipika. Alimchukia kwa moyo wake wote, na asingekubali kumkosa hata siku moja.

Hakutazama peke yake. Salha, msusi wa chumba cha jirani, alikuja na mteja wake, akamkalisha chini na kuendelea kumsuka huku macho yakiwa juu kabatini. Na alikuwapo Nanyori, mama wa Kiarusha aliyeshuka kila alfajiri na maziwa kutoka upande wa Olmotonyi, miteremko ya Meru. Zamani maziwa yakiisha alipanda gari akarudi kwake. Siku moja mvua ilimkuta kwenye baraza ya Swabaha, akakaribishwa ndani, akamwona Doroteya akifukuzwa na sanduku lake. Tangu hapo hakurudi nyumbani kabla ya saa tisa.

Nyumbani Nanyori alisema Kimaasai, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, cha kuuzia maziwa. Tamthilia ikampa kingine. Siku moja mteja alimwambia maziwa yake yana maji. Nanyori aliweka ndoo chini, akajifunga shuka vizuri, akasema, "Unathubutu kunidhalilisha mbele ya umati huu? Kamwe sitakusamehe!" Mtaa mzima ukaangua kicheko, na yule mteja akanunua.

Hatibu, mume wa Swabaha, alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana nyumbani mara mojamoja. Alipokuta chumba kimejaa wanawake wanaofuta machozi alitikisa kichwa.

"Mama Luqman, si maigizo tu hayo?"

"Na mpira ni nini?" Swabaha alimjibu bila kugeuka. "Wale nao ni ndugu zako?"

Hatibu alichukua kikombe chake cha chai akaenda kunywea nje.

Mambo hayakuharibika siku moja. Kwanza tamthilia ilipunguzwa kutoka siku tano za wiki hadi tatu. Kisha matangazo yakaongezeka, mpaka Rolando alikuwa akifungua mdomo tu, wanamwonyesha mtu anayepaka ukuta rangi. Kisha wakaanza kurudia vipande vya zamani bila kusema kwamba ni vya zamani, Salha akaapa kwamba ajali ile ya farasi alishaiona akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili, ambaye sasa alikuwa anatembea.

Hatimaye ukafika mchana mmoja wa baridi, wingu limeufunika Meru wote na manyunyu hayaishi. Walikaa na chai ya tangawizi. Mara ya mwisho Doroteya alikuwa ameachwa kitandani hospitalini, macho yamefungwa bandeji, daktari amesema kesho zinatolewa. Na nje ya mlango wa chumba kile alisimama Madam Ursula, ameshika mkoba mikononi, hajulikani amekuja kufanya nini. Saa nane ikagonga. Wakatokea wanaume watatu wa suti, wamekaa kwenye viti virefu, wanabishana juu ya beki wa kushoto.

"Watakuwa wamekosea," alisema Salha.

Walisubiri. Wale wanaume walichora mishale kwenye skrini, wakafuta, wakachora mingine. Kesho yake walikuwapo tena, na kesho kutwa.

Swabaha alipiga simu kituoni. Alisikilizishwa muziki mpaka chai ikapoa, kisha binti mwenye sauti nzuri akapokea.

"Mpendwa mtazamaji, maoni yako tumeyapokea."

"Sijayatoa bado, mwanangu. Mimi nauliza, yule Doroteya anaona au haoni?"

"Mama, kipindi hicho kimefikia tamati."

"Tamati gani, na mtu ana bandeji machoni?"

Binti akasema atalifikisha suala hilo kwa wahusika. Swabaha alipiga tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya mwisho aliambiwa kwa upole kwamba siku hizi mchana watazamaji ni wachache, watu wapo kwenye simu. Alikata, akatazama benchi lake lililojaa. Alijiona kama mtu aliyeambiwa hayupo huku amesimama palepale.

Luqman alipokuja likizo alimwekea mama yake tamthilia kwenye simu. Zilikuwa fupi mno, kila kipande kama dakika moja, na bando liliteketea haraka. Swabaha alijaribu jioni mbili akamrudishia.

"Mwanangu, humu mtu anaolewa, anaachwa na kurithi kiwanda kabla sijatunga uzi kwenye sindano. Sijawajua hata majina, nitawalilia saa ngapi?"

Lakini Salha alizipenda, akawa anazitazama kwake huku anasuka, spika moja sikioni. Nanyori alikuja siku kadhaa, akakaa kwenye benchi na mikono mapajani akiwatazama wale wanaume wa suti kwa adabu, kama mgeni aliyeingia msiba usio wake. Kisha naye akaanza kuondoka asubuhi maziwa yakiisha. Swabaha aliifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma. Mchana ukawa mrefu. Alishona zaidi kuliko zamani na kuchoka zaidi, na aliona haya kumwambia mtu yeyote kwamba amenyong'onyea kwa sababu ya watu ambao hawakuzaliwa.

Miezi ikapita. Siku moja alikwenda mjini kwenye duka la vifaa vya ushonaji kununua zipu, uzi na vifungo. Palikuwa na foleni. Alikuwa akihesabu vifungo kwa kidole alipoisikia sauti nyuma yake, nzito kidogo, ikitamka kila neno kama linang'olewa kwenye jiwe:

"Sitaki hii. Nionyeshe ile ya pembeni."

Vifungo vilimponyoka. Hakuhitaji kufikiri. Miaka mitatu sauti ile ilikuwa imesema ndani ya chumba chake, imetukana, imelaani, imemwita Doroteya mdudu. Mwili wake ulikuwa umeshajiandaa kugombana kabla hajageuka.

Aligeuka akakutana na mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, sweta la kijivu, begi la shuleni begani, mkononi kipande cha lesi.

"Pole mama," yule mwanamke alisema, akainama kuokota vifungo. "Shikamoo."

"Marahaba," Swabaha alijibu. "Mwanangu, samahani. Wewe ni Ursula?"

Yule mwanamke alibaki ameinama. Alipoinuka alikuwa anacheka, lakini macho yamelowa.

"Naitwa Elizabeth," alisema. "Hakuna aliyewahi kunijua."

Walitoka wakasimama kibarazani, watu wakipita katikati yao na mizigo. Elizabeth alimweleza. Alikuwa mtu wa Elerai, humohumo mjini, mtoto wa mwinjilisti. Aliishi Dar es Salaam miaka mingi akiingiza sauti kwenye tamthilia, katika chumba kidogo kisicho na dirisha, na Madam Ursula alikuwa kazi yake ya mwisho. Vipindi vya mchana vilipoanza kufutwa, studio nayo ikaanza kupunguza watu, ikafungwa. Alirudi kwa wazazi wake, sasa alifundisha watoto wadogo shule ya awali, na lesi ile ilikuwa ya mavazi ya watoto siku ya mahafali.

"Basi mwisho unaujua!" Swabaha alimshika mkono. "Doroteya aliona?"

Elizabeth alitikisa kichwa polepole. "Mama, sisi kila mtu alirekodi peke yake. Nilipewa maneno ya Ursula tu. Mwishoni kazi ilikuwa ya haraka, hata picha hawakutuwekea. Nayajua niliyosema. Niliyojibiwa siyajui."

Swabaha hakumwachia mkono. "Hayo hayo," alisema. "Njoo nayo. Na hiyo lesi usipeleke kwa fundi mwingine."

Jumamosi Elizabeth alikuja. Swabaha alikuwa amemwita Salha, na amemwambia Nanyori tangu asubuhi asiondoke. Nanyori aliketi na ndoo tupu miguuni, haamini. Elizabeth alipowasalimu kwa sauti yake ya kawaida hakuna aliyestuka. Kisha Swabaha akamwomba aseme kama Ursula, naye akanyoosha mgongo, akasema, "Nani aliyemruhusu mwanamke huyu kukanyaga zulia langu?" Salha akapiga yowe na kuangusha kitana. Nanyori akasimama.

"Ni yeye," alisema. "Mbaya mwenyewe!"

Walimpa chai kwanza, maana alikuwa mgeni. Elizabeth akaeleza tena kwamba anayo maneno ya upande mmoja tu, akafumba macho kuyakumbuka. Akasema la kwanza:

"Nimekuja peke yangu. Mwanangu hajui."

"Hapo yuko mlangoni," alisema Swabaha.

"Kaa. Usiamke."

"Ameingia! Anamwambia Doroteya."

"Nimesema sijui kuomba. Hukunifundisha wewe, hakunifundisha mtu."

Salha aliuliza, kuomba nini, msamaha au Mungu? Elizabeth akasema karatasi haikueleza. Lililofuata lilikuwa, "Chukua. Ni funguo zote." Kisha palikuwa na maandishi yanayosema Ursula analia, na Elizabeth alilia mle katika chumba kisicho na dirisha, bila kujua anamlilia nani. Na la mwisho kabisa lilikuwa maneno mawili: "Fungua dirisha."

"Anamwambia nani?" aliuliza Nanyori.

"Sijui, mama."

Swabaha aliweka kikombe chini. Ikiwa Ursula alisema fungua dirisha, alisema, basi palikuwa na mtu wa kutazama nje, na asiyeona hafunguliwi dirisha atazame. Doroteya aliona. Salha akakataa: dirisha ni la hewa, na yule mwanamke hakuwa wa kubadilika, funguo zilikuwa mtego. Nanyori akawa mkali. Alisema kwao mama mkwe akikupa funguo mkononi mwako, mbele yako, hawezi tena kukunyang'anya. Ameshashindwa na amekubali. Walibishana mpaka mteja mmoja akaingia, akasimama, akatoka taratibu akidhani kuna ugomvi wa familia.

"Na wewe uliyemsemea unaonaje?" Salha alimgeukia Elizabeth. "Alilia kweli au alijifanya?"

"Mimi siku ile nililia kweli," alisema. "Tulikuwa tumeambiwa asubuhi kwamba ndiyo ya mwisho."

Swabaha alinyanyuka akamwongezea chai, akakaa karibu naye, na wakazungumza mambo mengine: baridi ya mwaka ule na watoto wa shule; bei ya mkaa hawakuigusa kwa sababu ingewaharibia mchana.

Tamthilia haikurudi. Wale wanaume wa suti bado wapo saa nane, na Hatibu akiwa nyumbani huwatazama kwa raha zake. Elizabeth alishonewa mavazi ya watoto na mahafali yakapita, lakini Jumamosi akipata nafasi hushuka Kaloleni. Mara nyingine huwasomea hadithi, akigawa sauti, ya mzee, ya mtoto, ya mwizi. Mara nyingine hukaa tu na kuchambua kunde na Swabaha. Salha huja akiwa hana mteja. Nanyori amerudia mazoea yake, hataki tena gari la asubuhi, na wiki iliyopita alimleta binti yake, Yiamat, amwone mwanamke aliyekuwa akimtesa Doroteya.

Yiamat alimwamkia Elizabeth kwa heshima, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia mama yake kwa Kimaasai kitu kilichomfanya Nanyori acheke hadi akashika ukuta.

"Anasemaje?" aliuliza Swabaha.

"Anasema mbona ni mpole."

"Mwambie asubiri," alisema Swabaha, akivuta kiti karibu na cherehani. "Elizabeth, mwanangu, hebu anza."