Swali Alilolisubiri Milembe Huko Meksiko

Wifi yangu Milembe amefika Meksiko, amepanda piramidi na ametafuna panzi waliokaangwa na ndimu. Mimi Nyanjige sijawahi kuipita Mwanza. Lakini sina wivu, nina hasira, na nitasema kwa nini.

Hapa Nkololo mahindi yetu yanaliwa na dumuzi. Unaweka gunia kumi, ukija kufungua baada ya miezi sita unakuta unga na maganda. Bwana shamba alituambia mdudu huyo asili yake ni pande hizohizo za Meksiko. Kwa hiyo mradi mmoja ulipotafuta mkulima wa kwenda kukaa na familia ya kule siku kumi, kikundi chetu kilimchagua Milembe na kumpa kazi moja tu: akawaulize wenye mdudu wao wanahifadhije mahindi.

Alipokelewa na mama mmoja, Lupita, mwanawe Ramiro, na bibi yao mzee. Walizungumza kwa simu ya Lupita, iliyokuwa inatafsiri. Siku ya kwanza tu Milembe aliliona ghala la bibi nyuma ya jiko. Mahindi ya mwaka juzi, punje nzima, chini hakuna hata vumbi. Akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu kwetu mgeni hakurupuki kutaja shida yake. Anapewa maji, anakula, anapumzika, kisha mwenye nyumba anamuuliza, "Haya, mgeni wetu, za huko utokako? Umefuata nini?" Anayeanza mwenyewe anaonekana hakulelewa. Basi wifi yangu akakaa kusubiri kuulizwa, kama vile Meksiko ni Bariadi.

Wenyeji wake wakadhani amefuata matembezi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu walimpa kofia ya jua. Leo kanisani, kesho sokoni, keshokutwa kwenye piramidi. Alikula kuku wa mchuzi mweusi wenye pilipili na chokoleti, alikula mpungate uliotolewa miiba. Kila jioni simu ilimuuliza kama ameshiba na kama amefurahi. Akajibu ndiyo, huku akiyawaza magunia yetu.

Siku ya kumi, begi liko garini, bibi alimshika mkono. Simu ikasema, "Mwanangu, hivi ulifuata nini kwetu?"

Milembe akaeleza yote palepale, amesimama. Bibi akalitazama ghala, akalitazama gari.

"Hilo jambo ni la kuonyeshwa kwa mikono, tena siku nzima," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

Alirudi na picha mia mbili. Nilimwambia mbele ya kikundi kizima kwamba kuuliza si ujinga. Alilia, na sikumbembeleza. Binti yake Precious aliwaandikia kina Lupita kwa simu kuuliza, wakajibu kwamba bibi anasema hayaandikiki, Milembe aje tena. Aje tena kwa nauli ya nani?

Februari hii Ramiro akaja kwetu kwa mradi uleule, atembee na ale vyakula vyetu. Alisalimia "Mwangaluka", salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, ingawa ilikuwa saa kumi jioni. Hata begi hajalishusha, Milembe akamkabili uani.

"Yale mahindi, bibi anayahifadhije?"

Kaka yangu Luhaga, mumewe, aliona aibu. "Mama Precious, si umpe mgeni maji kwanza?"

"Ajibu kwanza," akasema Milembe, akamshikia simu mdomoni.

Ramiro akasikiliza tafsiri, akavua kofia.

"Bibi tulimzika Januari," simu ikasema. "Tulikuwa tunakula tu, hatukuwahi kumuuliza. Mahindi aliyoyaacha yameanza kubunguliwa."

Milembe akaishusha simu. Kisha akaenda kumletea maji.