Miguu Iliyoachishwa Kazi

Mama Pindo alipofunga mota kwenye cherehani yake, alitangaza mtaa mzima kwamba miguu yake imestaafu. Alikuwa amekanyaga tangu usichana wake, na jina lenyewe alilipata kwa kazi: hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake na pindo lililokwenda upande.

Kichwa cha cherehani alikihamishia juu ya meza ya mbao. Chini ikabaki pedali ndogo ya umeme. Ukiigusa kwa ncha ya kidole, sindano inakimbia kama imefukuzwa. Ile stendi ya chuma yenye kikanyagio kipana na gurudumu ikawa haina kazi, na Mama Pindo si mtu wa kutunza kitu kisicho na kazi. Alibadilishana stendi hiyo na wifi yake, dada wa mumewe, mwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Wifi alitaka miguu ya chuma ya kubebea meza, Mama Pindo alitaka kabati la vioo la kuonyeshea nguo. Walivutana asubuhi nzima, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba amemlalia mwenzake.

Kazi ikaenda mbio. Sare za shule zilirundikana, naye alikaa kitini tangu kufungua duka mpaka kulifunga. Hata uzi hakuinuka kuufuata. Aliuweka jirani na mkono.

Kisha viatu vikaanza kubana. Akahamia kwenye ndala, nazo zikaanza kumkata. Siku moja alibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, na shimo likabaki pale pale, kama amebonyeza unga uliokandwa. Mama yake mzazi alivimba hivyo hivyo, akapelekwa hospitali, wakaambiwa moyo umechoka. Hakurudi nyumbani.

Mama Pindo hakumwambia mtu. Alifunga duka akaenda zahanati, na njiani alikuwa ameshaligawa duka lote kichwani: nani achukue vitambaa, nani achukue mikasi, nani asipewe hata kifungo.

Tabibu alikuwa mwanamke mnene wa sauti kavu. Alimpima presha, akasikiliza moyo na mapafu, akauliza kama anakosa pumzi akilala chali, akachukua mkojo wake ukapimwe. Kisha akaanza kufungua droo moja baada ya nyingine akitafuta cha kupimia miguu. Mama Pindo akavua utepe wake shingoni.

"Pima na huu. Haujawahi kudanganya mtu."

Mashavu ya miguu yote mawili yakalingana.

"Ungekuwa umevimba mmoja tu, unauma na una joto, ningeogopa damu iliyoganda na ningekupeleka hospitali leo leo," tabibu alisema. "Lakini ni yote sawasawa, mkojo ni safi, na moyo wako unapiga vizuri. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Kwa kukanyaga?"

"Zamani hizo. Siku hizi nina mota."

Tabibu akaweka kalamu chini. "Basi ndiyo hiyo."

"Mota imeingiaje kwenye miguu yangu? Umeme haujanipiga."

"Sikiliza, mama. Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia inapeleka damu mapafuni kuchukua oksijeni. Ya kushoto inaisukuma mwili mzima, mpaka kwenye vidole vya miguu. Kushuka si kazi. Lakini huko chini damu inapita kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele, inagawa ilichobeba, na ikitoka hapo msukumo wa moyo umebaki kidogo. Na kurudi ni kupanda."

"Sasa nani anaipandisha?"

"Hili hapa." Tabibu akalipiga kofi shavu la mguu wake. "Kila ukikanyaga, msuli huu unakaza, unaikamua mishipa, damu inapanda. Ndani mna vijilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ukilegeza, vinajifunga, damu haishuki tena. Ukikaa kama gogo, inatuama, na maji yake yanavuja kwenye nyama."

Mama Pindo akatafakari. "Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nashona huku najipigia pampu bure?"

"Bure kabisa."

"Na nimeitoa kwa mkono wangu. Kwa wifi."

Tabibu akacheka kwa mara ya kwanza. "Hapo mimi sina dawa."

"Basi nipe vidonge vya kukojoa, kama alivyopewa jirani yangu."

"Jirani yako ana moyo mbovu, wewe una kiti. Utakojoa leo, kesho utakaa tena."

"Hata nusu kidonge?"

"Hata robo. Kila ukimaliza nguo, simama utembee. Ukilala, inua miguu. Wiki ijayo urudi na utepe wako. Mguu mmoja ukizidi mwingine, au ukikosa pumzi, usingoje."

Moyo mzima, hilo alilichukua. Lile la kusimama kila nguo alilikubali kwa mdomo tu. Alijijua: mbele ya rundo la sare asingeinuka hata nyumba ikiungua. Ilibidi kazi yenyewe imkanyagishe.

Akavaa sketi ndefu, akavuka barabara. Mwenye shida akijulikana, bei inapanda.

"Wifi, stendi ile inakuharibia kibanda. Wateja wanagonga magoti."

"Magoti ni yao, wewe yanakuuma nini?"

"Nakurudishia kabati lako. Na juu yake nakupa meza ya mbao, wanakaa watu wanne."

"Leo umeota nini? Wewe hujawahi kuongeza hata uzi." Wifi akaweka birika chini, akamwangalia. "Pandisha sketi."

"Ya nini?"

"Pandisha. Siku nzima naona unavyovuta ndala, unadhani mimi kipofu?" Akaiona miguu, na sauti ikashuka. "Ni moyo? Kama wa marehemu mama yako?"

"Moyo mzima. Ni mota." Akamweleza pampu na vijilango, akiruka hapa na pale.

Wifi akasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, kisha akalishika tena birika. "Kabati, meza, na mapazia ya madirisha yote."

"Wifi! Mgonjwa unamkamua?"

"Si umesema moyo mzima?"

"Madirisha mawili."

"Yapo matatu."

"La nyuma nani analiona?"

"Mimi nikiosha vikombe."

Wakapeana mikono.

Stendi ilirudi imepakwa rangi ya kijani, Mama Pindo akaikung'uta matope, akakirudisha kichwa cha cherehani juu yake, akatia mkanda mpya. Siku za kwanza mashavu ya miguu yalimuuma akalalamika kwa kila aliyeingia. Aliporudi zahanati, utepe ulisoma pungufu, na kidole cha tabibu hakikuacha shimo la maana.

Mapazia aliyashona kwanza, yote matatu, kwa kukanyaga. Mota iko juu ya rafu, imefungwa nailoni. Akija wa kuinunua, Mama Pindo atamwambia asisahau kusimama na kutembea, kisha ataanza na bei ya juu.