Mkono Juu ya Tenga

Nina hasira na yule mwongozaji wa tamthilia mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Alinipa nafasi ya kumcheza muuza ndizi wa Matombo katika ujana wake, akiwa na miaka kumi na tisa. Uzeeni anachezwa na mama mmoja mkongwe wa maigizo, na huyo hatembei bila kuushika mzigo wake: tenga kichwani, mkono wa kulia juu, hata njia ikiwa tambarare. Nikauiga mkono ule wiki nzima chumbani kwangu Mafiga, mjini, ndoo kichwani, mbele ya kioo. Nikajiona fundi.

Kisha nikapanda milimani Matombo kujifunza kwa wenyewe. Nilimkuta mama mmoja ambaye amekuwa akishusha ndizi mpaka barabarani tangu hajaolewa. Nikamwamkia, nikamweleza kazi yangu, nikajitwika tenga na kuinua mkono. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, unaumwa shingo?"

"Hapana, mama."

"Basi shusha mkono. Msichana wa huku akishika mzigo, wenzake wanamcheka. Mkono tunaupandisha tukishaanguka, tukishaogopa."

Nikairudia skripti kwa aibu. Kumbe imo humo: mwanamke yule alianguka kwenye mteremko akiwa mjamzito, mimba ikatoka. Sehemu yangu mimi ni asubuhi ile, kabla hajaanguka. Ule mkono wa uzeeni ni woga wa siku ile, nami nilikuwa namtwisha msichana ambaye bado hajui chochote.

Wiki mbili nilipanda na kushuka na yule mama. Ngata ya kitambaa chini ya tenga iliteleza, shingo iliwaka moto, ndizi niliziokota majanini kila baada ya hatua chache. Mwisho wake nikashuka mpaka barabarani mikono yangu ikiwa huru, namenya chungwa. Namenya chungwa, tenga limetulia kichwani! Nililia kwa furaha.

Siku ya kurekodi nikashuka hivyohivyo. Mwongozaji akapiga kelele tusimame.

"Dada, mkono uko wapi? Watu watajuaje kama ni yuleyule?"

Nikamweleza habari ya kuanguka. Nikamweleza tena. Akatazama saa.

"Usinizingue bwana, jua linatukimbia. Weka mkono juu, la sivyo namwita mwingine."

Mtu ambaye hata begi lake alibebewa kutoka kwenye gari, ananifundisha mimi kubeba!

Nikaupandisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yeye. Shingo yangu ilijua, miguu yangu ilijua, nikaupandisha kwa sababu nilitaka sura yangu ionekane kwenye televisheni. Akasema safi sana, twende sehemu inayofuata.

Tamthilia ilipotoka, watu wa mtaani kwetu walinipongeza. Wengine walisema nimefanana na yule mkongwe mpaka wakaogopa. Nilitamani kuwatukana. Kisha akapiga simu yule mama wa Matombo, na safari hii hakucheka.

"Nimekuona kwenye simu ya mjukuu wangu," akasema. "Mbona ulishaanguka kabla hujaanguka?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri. Nikakata simu.