Mwaka Tuliopalia Moto kwenye Gari

Kama enzi zile mtu wa serikali angetaka kujua nchi inaunguza nini, angekuja kisiwani kwetu, kijijini Ole, akakaa kwenye baraza ya bibi yangu kutwa moja, na angeondoka na jawabu lake pamoja na muhogo wa kuchemsha. Jikoni kwa Bibi ziliungua kuni za mkarafuu, makumbi na vifuu vya nazi, na makuti pale alipokuwa na haraka. Ndani mlikuwa na kandili ya mafuta ya taa, iliyowashwa baada ya Magharibi na kupunguzwa utambi mara Bibi alipohisi kwamba tunaojidai kusoma kwa kweli tunasengenya. Baiskeli ya nyumbani ilikwenda kwa muhogo: aliyeshiba alipanda nayo vilima, asiyeshiba aliikokota. Na nje, chini ya mfenesi, lilisimama gari la mjomba, lenye kiu ya petroli isiyokwisha, na siku lilipoikosa lilinuna hapo hapo lilipofika, hata kama ni katikati ya kilima na abiria wana mgonjwa.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa Bibi, na alipenda kila kitu kinachonguruma. Gari lenyewe lilikuwa lori la kizamani lililotiwa bodi ya mbao na mabao ya kukalia. Lilipeleka watu na karafuu mjini Chake, likarudisha watu na magunia ya mchele. Mwaka ninaousimulia akaona haitoshi kuwa na ngurumo barabarani peke yake, akamnunulia mkewe stovu, lile jiko la shaba la kupiga pampu. Likiwashwa lilivuma uani mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Bibi akasema chai yake inanuka kandili. Sikumwona hata mara moja akikirudisha kikombe.

Lililomkera hasa lilikuwa makaa. Kwetu siku zile vibiriti vilikuwepo dukani, lakini kuwasha kijiti asubuhi wakati jirani ana moto ilikuwa ni kiburi. Ulichukua kifuu cha nazi ukaenda kupalia moto kwa mwenzio, yaani kuomba kaa lake moja likuwashie jiko lako, na kaa lile lilikuja na habari zote: nani kajifungua, nani kanuniwa, mbuzi wa nani kaingia kwenye muhogo wa nani. Stovu halina kaa. Ukilizima limezimika, huna cha kumpa mtu.

"Mtu akija kupalia moto kwa mkeo utampa nini?" Bibi alimuuliza mjomba. "Harufu?"

Sasa, kwa asiyejua mila zetu, niseme kidogo juu ya Siku ya Mwaka. Siku ile, alfajiri, kila moto wa nyumba ulizimwa. Majivu ya mwaka mzima yalizolewa yakatupwa mbali, mafiga yakaondoshwa yakawekwa mengine, na hakuna aliyewasha chochote mpaka moto mpya uzaliwe. Moto mpya haukutoka kwenye kibiriti. Palikuwa na mzee mmoja, jirani yetu, aliyeupekecha kwa vijiti kama walivyofanya babu zake, na kijiji kizima kikaja kupalia kwake. Hapo tena ndipo tulipopika, tukala, na mwaka ukawa umeanza kwa heri.

Na mwaka ule, Siku ya Mwaka iliangukia siku ya safari yangu. Nilikuwa msichana wa karibu miaka ishirini, na nilikuwa nimechaguliwa kwenda Unguja kusomea ukunga. Meli ilikuwa inaondoka bandarini Wesha mara baada ya adhuhuri. Tuliambiwa wazi wazi: atakayechelewa, nafasi yake inakwenda kwa mwingine aliye tayari, na wa tayari walikuwa wengi. Bibi ndiye aliyenilea tangu mama yangu kufariki. Nilipomletea habari alisema, "Kheri," akaendelea kupepeta mchele. Neno hilo moja tu. Liliniuma, sitaficha, maana nilitaraji machozi kidogo, au japo ungo uwekwe chini.

Alfajiri ile niliamka na sanduku langu likiwa limekwisha fungwa kamba. Nje nikamkuta Bibi kashika doria. Jikoni kwake mlikuwa baridi, majivu yamekwisha tolewa. Kandili ilikuwa imewekwa barazani, na pembeni yake stovu, vimepangwa kama mahabusu wanaongoja kesi. Mke wa mjomba alisimama mlangoni akilitazama jiko lake kwa huzuni, naye chai hajanywa.

Mjomba akatoka anapiga miayo, hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini ya gari, mkononi.

"Unakwenda wapi na chuma hicho?" Bibi akamuuliza.

"Naliwasha gari, Mama. Mtoto ana safari."

"Umesema unaliwasha?"

"Naam."

"Basi lina moto ndani."

Mjomba akajiona amenaswa. Akajaribu kueleza kwamba ni moto mdogo, uko ndani ya chuma, hauonekani, na kwamba tangu jana umezimwa.

"Kuzimwa ndiyo sawa sawa. Mie n'nakuuliza utauwasha kwa nini?"

"Kwa betri, Mama."

"Na betri hino umeitia moto lini?"

"Juzi, mjini. Kwa umeme."

"Basi uno ni moto wa mwaka jana," Bibi akasema. "Lete."

Ningecheka kama isingekuwa safari yangu. Betri ikafunguliwa, ikaletwa barazani ikakaa na kandili na stovu. Hendeli nayo ikatiwa kizuizini, kwa kuwa Bibi hakumwamini mwanawe hata kidogo. Mjomba akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa Tibirinzi, kule mjini, wana taa za umeme ukutani, na hakuna anayezizima Siku ya Mwaka. Bibi akamjibu kwamba ndiyo maana watu wa Tibirinzi hawajui mwaka wao umeanza lini.

"Lakini Bibi, meli," nikasema.

"Moto ukizaliwa tu utakwenda. Mzee hapekechi kwa muda mrefu."

Mzee alipekecha kwa muda mrefu. Usiku ilikuwa imenyesha mvua ya manyunyu, na vijiti vyake vilikuwa vimelowa unyevu uliokataa kutoka. Alikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, kijiti kimoja chini ya wayo, kingine kati ya viganja, akisokota na kusokota mpaka jasho likamdondoka puani. Moshi ulitokea mara nyingi. Kila ukitokea, sisi wote tuliinama kama watu wanaotazama mtoto anayetaka kusema neno la kwanza, na kila tukiinama ulipotea. Majirani walikuwa wamekusanyika na vifuu vyao mikononi, njaa zinawauma. Jua lilikuwa linapanda. Mjomba alikuwa na kibiriti mfukoni na kila mtu alijua, kwa sababu kila akijigusa kilisikika kikicheza. Bibi alimtazama kila kikicheza.

Nilikaa juu ya sanduku langu nikakasirika. Nilimkasirikia mzee na mvua, nikamkasirikia na Bibi zaidi ya wote. Nilijiambia: huyu hataki niende. Hakulia, hakusema kitu, lakini amepata njia ya kuizuia safari na huku akionekana mtu wa dini na mila. Nikaanza kulia kwa hasira, kilio kibaya kile cha kuvuta kamasi.

Bibi akaja akasimama mbele yangu. Akanitazama, akalitazama jua, akaligeukia gari.

"Magurudumu yana moto?" akamuuliza mjomba.

"Hayana, Mama. Yana upepo tu."

"Na petroli ni moto?"

"Ni mafuta tu mpaka iguswe na cheche."

"Basi sukumeni," akasema. "Mikono haina mwaka jana wala mwaka huu. Mtoto huyu ataiwahi meli yake hata kama tutamsukuma mpaka Wesha."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alikuwa amekwisha kuifunga kanga yake kiunoni. Nikapandishwa mimi na sanduku langu, mjomba akakaa kwenye usukani, na kijiji cha Ole, ambacho kilikuwa hakijanywa hata chai, kikalitia bega gari la mbao. Wanaume walisukuma nyuma, wanawake ubavuni. Hata yule mzee aliacha vijiti vyake akaja, akisema afadhali asukume kitu kinachokwenda. Bibi alitembea pembeni na kifuu chake kilichojaa makumbi makavu, akitoa amri. Nimepanda magari mengi tangu siku ile, lakini sijapata kupanda jingine linalokwenda kwa matusi ya upole na dua.

Penye tambarare tulikwenda mwendo wa kobe. Lakini kisiwa chetu ni vilima na mabonde, na mbele yetu palikuwa na mteremko wa maana. Gari lilipoufikia likaanza kwenda lenyewe. Waliokuwa wakisukuma wakawa wanalikimbiza, kisha wakabaki nyuma. Mabao yakagonga, sanduku langu likateleza, mimi nikashika nguzo nikisoma kila dua niliyoijua. Hapo ndipo mguu wa mjomba ulipoachia klachi. Yeye mpaka kufa kwake aliapa kuwa uliteleza. Gari likatikisika, likakohoa, likakohoa tena, halafu, bila ya betri wala hendeli, likanguruma.

Mjomba akafunga breki chini kabisa ya mteremko, akalala juu ya usukani. Alijua lori lake la kizamani lina kijidude kinachotoa cheche chenyewe kikizungushwa kwa nguvu. Alijua pia kwamba mama yake anakuja.

Wakaja wote, wanahema. Gari lilikuwa linatetemeka na kutoa moshi wake wa buluu. Bibi akalizunguka polepole, akatia mkono juu ya boneti, akasikia joto.

"Umeliwasha kwa betri?" akauliza.

"Betri iko barazani kwako, Mama."

"Kwa kibiriti?"

Mjomba akakitoa kibiriti mfukoni akampa. Kilikuwa kimejaa.

"Sasa moto uno umetoka wapi?"

"Umetokana na kuzunguka, Mama. Watu wamesukuma, magurudumu yamezunguka, na ndani nako kukazunguka mpaka cheche ikatoka."

Bibi akamgeukia mzee wa vijiti. "Si ndivyo ufanyavyo weye?"

Mzee akafikiri. Naamini alikuwa na haki ya kukasirika, maana viganja vyake vilikuwa na malengelenge. "Ndivyo hivyo hivyo," akasema. "Ila vijiti vyangu havipigi kelele."

"Basi mwaka umeanza," Bibi akasema. "Nipalie moto."

Hapo mjomba, aliyekuwa amelala juu ya usukani dakika chache nyuma, akajigeuza mkubwa wa sherehe. Akafungua boneti, akachovya kitambaa kwenye petroli akakifunga kwenye kijiti, akachomoa waya mmoja wa plagi na kuusogeza karibu na chuma, penye kitambaa. Cheche ikaruka. Kitambaa kikawaka pafu, na wanawake wakapiga vigelegele barabarani. Bibi akasogeza kifuu chake, makumbi yakashika, yakaanza kutoa ule moshi mweupe wa jikoni ninaoujua tangu utoto. Wengine wakaja na vifuu vyao wakapalia kwake. Mwaka ule vyungu vyote vya pale petu vilichemka kwa moto uliozaliwa na lori, na sijasikia kwamba chakula cha mtu kilinuka petroli.

Mimi nilikuwa nimeshuka. Nilijua sasa kwamba nilimdhania vibaya, na kwamba hakuna tena cha kungoja. Moto huo ulitakiwa urudi Ole kabla haujafa, na mimi nilitakiwa niende upande mwingine kabla meli haijaondoka. Nikamwendea Bibi nimkumbatie, nikaukuta mkono wake mmoja umebeba kifuu na wa pili umekikinga upepo.

Akarudi nyuma hatua.

"Usinishike, mke mwenzangu," akasema, kwa jina lile la utani alilonitania tangu nikiwa mdogo. Sauti yake haikuwa ya utani. "Ukinishika n'talia, na nikilia moto uno utanizimikia, na wote hawa hawajala. Enda zako. Enda kazalishe watoto wa watu."

Kisha akageuka akaanza kuupanda mteremko, kichwa kakiinamisha juu ya kifuu, akiupulizia moto kidogo kidogo. Majirani wakamfuata, kila mtu na moshi wake. Nilisimama pale nikingoja ageuke nyuma. Hakugeuka, na sikumlaumu. Ile ndiyo kheri yote aliyokuwa nayo, na alikuwa akiibeba kwa mikono miwili.

Meli niliiwahi, ingawa ngazi walikuwa wameanza kuivuta. Njia nzima mpaka Wesha nililia nilivyotaka, maana mimi sikuwa na moto wa kuchunga.